Feni ya Baba Nyanzala

Tangu marehemu waanze kukaa ndani ya kompyuta za nyumbani, desturi ilikuwa moja: anayesafiri humlaza marehemu wake kwanza, yaani huisimamisha mashine hadi atakaporudi. Mtu akiwepo chumbani, mashine hufuata mwendo wa maongezi. Chumba kikibaki kitupu, prosesa hukimbia, na marehemu huishi mbiombio peke yake.

Kalunde alikataa kumlaza mumewe. Kwake, hiyo ilikuwa kumzika mara ya pili. Siku ya kwenda Nzega kumuuguza dada yake, alipangusa vumbi kwenye feni, akafungua ubavu wa kompyuta, akaelekeza feni ya mezani pale, prosesa isije ikapata joto ikalegea.

"Mama, mlaze," binti yake Nyanzala alimsihi kwa simu. "Siku yetu moja, kwake ni mwaka."

"Baba yako hakulala mchana hata alipokuwa anaumwa. Mwache na uhai wake."

Dada alichelewa kupona, mwezi ukakatika. Kalunde aliporudi, chumba kilifukuta kama tanuri, lakini feni ilikuwa bado inavuma. Alifurahi. Akajifunga kanga vizuri, akasimama mlangoni kama alivyozoea.

"Hodi, Baba Nyanzala."

Kisha ikaja sauti ya mumewe, ileile, yenye adabu ya mtu anayempokea mgeni asiyemjua.

"Shikamoo, mama. Unamtafuta nani?"

Kalunde alishika mwimo wa mlango.

"Marahaba," akasema.