Chapisho Lililofutwa

Fundi cherehani alikuwa akipekua simuni ile programu inayomkusanyia blogu zote za ushonaji. Kati ya hizo alificha moja ya mapishi, ya binti yake. Walikuwa wamenuniana tangu siku ya harusi ya binti huyo.

Leo binti ameandika: "Nina ujauzito. Nguo ya kwanza ya mwanangu natamani ashone baba."

Fundi akaifungua blogu yenyewe ili amjibu. Chapisho halikuwepo. Binti alishalifuta, nakala yake imebaki kwenye programu tu, kama uzi uliosahaulika sindanoni.

"Baba watoto, mbona umeduwaa?" mkewe aliuliza.

Fundi akavuta futi ya kupimia shingoni, akanyoosha mkono.

"Hivi binti yetu alipozaliwa, ukimlaza kuanzia hapa kwenye kiwiko, alikuwa anaishia wapi?"