Kamera ya Harusi ya Romani

Mzee Amon hakuwa na kamera. Hakuwa na koti la mvua, hakuwa na usingizi, hakuwa na mtu wa kumtuma Makambako, na zaidi ya yote hakuwa na muda. Alfajiri ile muuguzi Nelly alikuwa amempigia tena kutoka hospitali ya Tandala, alikolazwa mkewe, Judith.

"Baba, mama amekataa tena kupasuliwa. Uvimbe hausubiri. Daktari anasema wiki hii ikipita, basi. Lakini mama ameshikilia lake: haendi chumba cha upasuaji mpaka aione harusi ya mwanawe Romani kwa macho yake. Anaogopa kubakia mezani bila kuiona."

"Mwambie harusi ni kesho. Ataletewa video."

"Anauliza, mbona Romani hampigii?"

"Simu yake imeharibika," alisema Amon, akakata.

Saa nne alikuwa Makambako, maji yakimchuruzika mgongoni, kwenye duka la Sudi, muuza kamera za mtumba. Nje, malori ya Zambia yalikuwa yakinguruma kwenye njia panda.

"Kamwene, mzee wangu!" Sudi alimsalimu kwa Kibena chake cha kuokoteza. "Shikamoo. Karibu ukauke."

"Marahaba. Nataka kamera ya video, ya bei ya chini. Ya harusi."

Sudi akamwekea moja mbele yake. "Hii inaonyesha mpaka kope za nzi."

"Hapana. Hiyo inaonyesha mno."

Sudi akamtazama, akachukua nyingine, imekwaruzika ubavuni. "Hii sauti yake ni safi. Lakini ukisimama mbali kidogo, sura za watu zinakuwa uji."

"Nifungie hiyo."

"Mzee, wateja wote hapa wanataka picha kali. Wa kuomba picha mbovu ni wewe wa kwanza!"

"Bwana harusi hapendi kupigwa picha za usoni."

"Kwani kaiba ng'ombe wa nani?"

Amon hakucheka. Alifungua pochi yake, akahesabu noti. Akaeleza kwa maneno machache habari za Judith na uvimbe wake. Sudi akaacha utani.

"Toa ulichonacho, mzee wangu. Na hii memori kadi ni yangu kwa mama. Mungu amponye."

Siku ya pili yake Njombe iliamkia kwenye ukungu, na Amon akaushukuru. Mwinjilisti Mika alikubali kufungua mlango wa kanisa, ila joho alikataa kuvaa. Wanakwaya walikuja wote. Sauti zilikuwa zimewakauka, lakini wimbo wa harusi waliubeba hivyohivyo, kama watu wanaopandisha mzigo mlimani.

Bibi harusi, Anneth, alitoka mlangoni akilia ndani ya shela. Hakuna aliyemnyamazisha. Bibi harusi kulia si jambo geni, Judith angeelewa. Pembeni yake bwana harusi alitembea ameinamisha kichwa, suti ikimpwaya mabegani.

Amon alisimama mbali, kwenye ua wa misedari, jicho kwenye kamera.

"Vigelegele!" aliwaambia wanawake. "Judith atasikiliza vigelegele kabla ya yote!"

Wanawake walitazamana. Hatimaye Kristina, dada yake Amon, akafumba macho akapiga kimoja, kirefu. Wengine wakamfuata.

Hapo bwana harusi akataka kugeuka.

"Usigeuke!" Amon alifoka. "Tembea, mwanangu. Mama yako anakutazama."

Kijana akatembea mpaka kwenye gari la kuazima, akamfungulia Anneth mlango. Amon akarekodi mpaka gari lilipomezwa na ukungu. Kisha akakaa chini kwenye nyasi mbichi, na Kristina akaja kumshika mkono ili ainuke.

"Ataikubali, kaka?"

"Asipoikubali, tumempoteza na yeye."

Nyumbani, kijana wake mdogo, Lenard, alivua ile suti, akaining'iniza pale kaka yake alipoiacha, akatoka nje.

Basi la Makete, lipitalo Tandala, lilikuwa karibu kuondoka. Amon alitia memori kadi ndani ya bahasha pamoja na kikaratasi: *Mama, nimeoa. Sasa kubali watu wa hospitali wakutibu.* Chini yake, kwa mwandiko aliojitahidi kuufanya wa kijana, akaandika jina la Romani, ambaye walikuwa wamemzika Jumamosi iliyopita, akailamba gundi ya bahasha, akaifunga, akamkabidhi kondakta.