Bingwa wa Bwawa Jipya

Siku hizi shule za kulipia hazikusimulii historia yao. Mzazi anabandikwa kiraka nyuma ya sikio, papo hapo anakumbuka kwamba alisoma hapo.

Baba Koku alibandikwa tulipompeleka binti yetu kuandikishwa. Akatutembeza maabara, bwenini kwake, hata kona aliyochapiwa viboko. Kwenye bwawa la kuogelea akavua shati.

"Mama Koku, hapa nilikuwa bingwa!"

Akaruka, akazama kama jiwe. Mtunza bustani akamvuta kwa reki.

"Lakini nilikuwa bingwa," akalalamika, maji yakimtoka puani.

"Mpaka leo ni bingwa wetu, mzee," alisema mkuu wa shule kwa upole. "Bwawa ndiyo kwanza tumemaliza kulijenga juzi."

Nilicheka hadi mbavu zikauma, nikampigia mama mkwe ili amkumbushe mwanawe ile shule ya kata aliyosoma.

"Shule ya kata gani? Alisoma hapo hapo," akajibu. "Walitualika mabibi wiki jana, nikakumbuka kila kitu."

Kitu cha baridi kikanigusa nyuma ya sikio.

"Samahani mama, tulikusahau," alisema mkuu wa shule.

Nikamtazama Baba Koku akitetemeka ndani ya taulo. Kusema kweli, mwaka ule hakuna aliyemfikia.