Upande wa Mama

"Na upande wa mama?" Bi Muhsina aliuliza tena, penseli ikingoja juu ya karatasi.

Bi Shariffa alijifanya hakusikia. Akamsogezea mgeni sahani ya halwa. Haikuguswa.

Nani asiyemjua Bi Muhsina mchoraji, Maskati nzima? Miaka kumi sasa anaingia nyumba za watu waliotoka Unguja, akichora nasaba zao, kila jina na uso wake, na kuandika visa vyao visije vikazikwa na wazee. Leo alifika Bawshar bila ya kuitwa, na Bi Shariffa, mwenye miaka themanini na nne, alijiona amekumbukwa.

"Wakishakufa wenye kujua, nani atawataja?" mgeni alisema taratibu. "Mtu asotajwa ni kama hakuzaliwa."

Maneno yale yalimchoma bibi. Nyumbani hapakuwa na mtu. Noof, mjukuu aliyemlea mwenyewe, alikuwa kazini Ghubra. Ijumaa watu wa Loai, kijana wa ofisini kwake, wangekuja kumposa. Bi Shariffa hakupata kuonana nao bado, lakini moyo wake ulikuwa mkunjufu wiki nzima. Labda ndiyo siku ya kuutua mzigo.

"Bibi yangu mzaa mama akiitwa Zafarani," alisema. "Alinunuliwa, mwanangu. Mtoto wa miaka saba. Jina la kwao alilisahau. Mama alinambia akiwa anakata roho, akanilisha kiapo nisimwambie mtu."

"Alinunuliwa." Bi Muhsina aliandika. "Noof anajua?"

"Hajui. Weye ndo wa mwanzo."

Akaanza kuchora, bibi akimwelekeza: paji pana, macho ya upole, chale mbili shavuni. Bi Shariffa alipouona ule uso alilia kwa sauti, kama aliyerudishiwa mtu wake. Akaushika mkono wa mgeni, akaubusu.

"Nnakuombea, mwanangu. Mungu akulipe."

Bi Muhsina alikunja karatasi zake, akaaga. Hata kahawa hakuinywa.

Alasiri mlango ulifunguliwa. Bibi aliinuka na tabasamu, ana hamu ya kuhadithia. Noof alisimama kizingitini na viatu vyake, simu mkononi, macho mekundu.

"Bibi, posa imevunjika," alisema. "Mama yake Loai alikuja hapa leo kufanya nini?"