Fundo la Mkono wa Kushoto

Kwa miaka kumi na miwili uzio wa bwawa ulikuwa kazi ya Bi Tabu. Yeye ndiye aliyesimika miti na kuifunga kwa kamba za katani, mbuzi wakakoma kuyachafua maji ya kunywa. Kisha akaja Semeni, aliyeolewa hapa kijijini juzi tu, akapanda matete ukingoni, na sasa kila mtu anasema "bwawa la Semeni." Bi Tabu akilisikia jina hilo, roho inamuuma kana kwamba ameibiwa mtoto.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, kabla mbuzi hawajafunguliwa, alikwenda kwenye upande wa uzio aliokabidhiwa Semeni. Fundo moja tu likilegea, mbuzi wangeyamaliza matete, na watu wangejua nani mlinzi na nani pambo.

Alitia kidole kwenye fundo, akavuta, kisha akasita. Lilikuwa limezungushwa kinyume, kama afungavyo Bi Tabu tu, kwa sababu yeye hutumia mkono wa kushoto. Akatazama la pili, na la tatu. Yote yalikuwa hivyo.

"Shikamoo, mama." Semeni alisimama nyuma yake na ndoo kichwani. "Umekuja kunikagua? Mkono wangu ni wa kulia, lakini nilikutazama mpaka nikaliweza fundo lako. Wanasema halifunguki."

"Marahaba," alisema Bi Tabu bila kugeuka.

Kengele za mbuzi zilianza kusikika. Kidole chake kilikuwa bado ndani ya fundo, na kamba ilikwisha kulegea.