Doriani la Kuchumwa

Siku ile mjinga alikuwa Shaame, na mwenyewe hakatai. Tangu sheria iipe miti umiliki wa nyumba, mwenye nyumba yao pale Machui alikuwa mdoriani mrefu uliojiotea wenyewe uani. Watu walikuwa wageni wake tu. Mti ukitaka maji, taa ya jikoni iliwaka buluu, ukiridhika, kijani. Na mgeni hula doriani lililoanguka, hachumi.

Lakini mkewe, Mwanakheri, alikuwa na mimba ya miezi saba na uchu wa doriani, na siku ya tatu hiyo halijaanguka hata moja. Shaame akakaza msuli wake kiunoni, akapanda, akalikata moja kwa mapenzi yake yote. Kumbe bichi, gumu kama jiwe la kusagia! Taa ikawaka nyekundu. Sauti laini ikatoka ukutani: mgeni mmoja aondoke kabla ya magharibi.

"Mmoja?" Shaame akacheka. "Mti gani huu usiojua mke na mume? Twende zetu sote kwa mama, bibi we. Tuone nani ataumwagilia maji."

Mwanakheri alikuwa anamfungia vitumbua vitatu kwenye kanga yake anayoipenda. Mara, pu! Doriani bivu likaanguka lenyewe mbele ya mlango wa jikoni. Akalipasua, akamlisha mumewe kipande kinono kuliko vyote.

"Nenda wewe, mume wangu," akasema, mkono tumboni. "Sisi wawili tumeshakaribishwa."