Mkate wa Pumba

Mwokaji alimtambua kabla hajafika kaunta. Ni bosi wake wa zamani, aliyemfukuza kwa kutia pumba za ngano kwenye unga wa mkate. "Hiki ni chakula cha kuku!" alimfokea siku ile mbele ya wafanyakazi wote.

Leo alikuwa ameshika tumbo.

"Siku ya sita sijapata choo, dada yangu. Daktari kasema nile mkate wako wa pumba."

Ulibaki mmoja tu, bado wa moto. Mwokaji aliufunga taratibu, akikunja karatasi pembe kwa pembe. Bosi akanyoosha mikono yote miwili.

Mwokaji akaupitisha juu ya bega la bosi, akampa bibi aliyesimama nyuma yake.

"Karibu tena, bibi."